Mkataba wa ndoa ya mtunzi: kisa cha Amy Beach, Boston, 1885 hadi 1910

Kwa nini kisa hiki

Tarehe 2 Desemba 1885 binti wa miaka 18, mpiga piano aliyekuwa ameanza kuvuma mjini Boston, aliolewa na daktari wa upasuaji aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20. Ndoa ilikuja na masharti. Asifundishe piano. Asipande jukwaani ila mara chache mno kwa mwaka, na mapato ya maonyesho hayo yaende kwenye hisani. Nguvu zake azielekeze kwenye kutunga muziki, ila bila mwalimu. Na kazi zake zitoke kwa jina la mume: Mrs. H. H. A. Beach.

Miaka 11 baadaye mwanamke huyo alitoa simfoni, yaani utunzi mrefu wa okestra nzima, ya kwanza kutungwa na kuchapishwa na mwanamke wa Marekani. Kwa hiyo wanaosimulia habari zake hugawanyika. Wapo wanaosema mume alimfungia ndani, na wapo wanaosema mume ndiye aliyemtoa mtunzi ndani ya mpiga piano. Mimi naona masharti yale yanapaswa kupimwa moja moja, maana hayakuwa na uzito sawa, na lililomgharimu zaidi si lile ambalo watu hulitaja kwanza.

Amy Beach ni mtu wa historia, hivyo nimemtaja kwa jina pamoja na wanamuziki wakubwa waliopita njiani mwake. Jamaa zake na walimu wake nimewaita kwa nafasi zao tu.

Usuli

Alizaliwa Amy Marcy Cheney, tarehe 5 Septemba 1867, katika mji mdogo wa Henniker, jimbo la New Hampshire. Alikuwa mtoto pekee. Mama yake alikuwa mwimbaji na mpiga piano, na ndiye aliyegundua mapema kwamba mtoto huyu si wa kawaida: kabla hajafika umri wa miaka miwili alikuwa anaimba nyimbo 40 bila kukosea, tena kila wimbo kwa sauti ileile aliyousikia nayo mara ya kwanza. Akiwa na miaka minne alikaa msimu wa kiangazi kwenye shamba la babu yake, ambako hakukuwa na piano. Alirudi nyumbani na valsi tatu alizozitunga kichwani, akaketi akazipiga.

Mama hakumwachia mtoto piano apendavyo. Alimdhibiti, na kumnyima ala ilikuwa mojawapo ya adhabu za nyumbani. Masomo yalianza rasmi alipofika miaka sita, mwalimu akiwa mama mwenyewe. Mwaka 1875 familia ilihamia Boston, na wajuzi waliomsikia wakashauri apelekwe Ulaya, kwenye shule kubwa za muziki. Wazazi walikataa. Akasomeshwa piano palepale mjini na walimu wazuri. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa Liszt, mpiga piano mashuhuri wa Ulaya.

Kwa upande wa utunzi hali ilikuwa nyingine kabisa. Alipata mwaka mmoja tu, 1881 hadi 1882, wa masomo ya upatanifu wa sauti na ufundi wa kufuma sauti kadhaa kwa pamoja. Hayo ndiyo masomo pekee ya kutunga aliyowahi kupewa na mwalimu maishani mwake.

Mwaka 1884 familia ilimwendea Wilhelm Gericke, mwongozaji wa okestra ya Boston Symphony, kuomba ushauri: binti huyu asome vipi kutunga? Gericke alijibu kwamba ajifunze mwenyewe kwa kuchunguza kazi za mabingwa. Ushauri huu ulikuja mwaka mmoja kabla ya ndoa, na nauweka mbele kwa makusudi. Sharti la kutokuwa na mwalimu halikuzuka kwa mume. Lilimkuta limeshapandwa, yeye akalimwagilia maji.

Kwenye jukwaa, kwa upande mwingine, mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Mnamo Oktoba 1883, akiwa na miaka 16, alijitokeza kwa mara ya kwanza na okestra katika ukumbi wa Boston Music Hall kwa konseti (utunzi wa ala moja inayopigwa pamoja na okestra) ya Moscheles. Mwaka 1885 alicheza na Boston Symphony yenyewe, konseti ya Chopin, Gericke akiongoza. Mwaka huohuo akaolewa.

Masharti, na kila upande ulifikiri nini

Katika tabaka la daktari yule, mke anayepokea ujira alikuwa tangazo la hadharani kwamba mume ameshindwa kumtunza. Kufundisha piano ilikuwa kazi ya wanawake wasio na mtu wa kuwategemea. Kupiga jukwaani kwa malipo kulikaribia biashara, lakini kupiga kwa ajili ya hisani kulikuwa wajibu wa mke wa heshima. Mrabaha wa nyimbo zilizochapishwa haukuleta aibu ile, kwa kuwa pesa ilipitia kwa mchapishaji na hakuna aliyemwona mke akinyoosha mkono.

Tena mume huyu alipenda muziki kwelikweli. Aliimba, aliandika mashairi ambayo mkewe aliyatia sauti, na alikuwa msikilizaji wa kwanza wa karibu kila kitu alichotunga. Aliamini kwamba mpiga piano husahaulika lakini mtunzi hubaki. Kuhusu mwalimu, hoja yake ilikuwa kwamba masomo yangemharibia upekee wake.

Na Amy? Alijiona mpiga piano kwanza. Kutunga lilikuwa jambo aliloweza, si lile aliloliota. Alikubali masharti, na baadaye maishani aliizungumzia ndoa yake kwa upendo, akisema mume ndiye aliyemsukuma kutunga kazi kubwa. Hatuna sababu ya kumwambia alijidanganya. Lakini pia tuangalie alichokifanya mara tu alipokuwa huru. Tutalifikia.

Mfuatano wa matukio

Jambo la kwanza alilofanya ni kujijengea shule yake ndani ya nyumba. Alichukua fuga za Bach, tungo ambamo sauti kadhaa huingia kwa zamu na kufumana, na kuziandika kutoka kichwani, kila sauti kwa mstari wake, kisha akazilinganisha na chapa kuona alipokosea. Vitabu vya Berlioz na Gevaert kuhusu ala za okestra vilikuwa kwa Kifaransa, akajitafsiria. Alihudhuria Boston Symphony msimu baada ya msimu, akirudi nyumbani anaandika alichokikumbuka kisha kukipima kwa noti za okestra nzima. Anayeimba kwaya na kujaribu kuandika kwa kumbukumbu sauti nne za wimbo alioupenda anajua kazi hiyo inavyochosha. Yeye aliifanya kwa okestra ya makumi ya watu.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa Misa, Opus 5 (yaani kazi namba 5 katika orodha yake), ya waimbaji wa solo, kwaya, ogani na okestra, muziki wa zaidi ya saa moja. Ilimchukua takriban miaka mitatu. Tarehe 7 Februari 1892 iliimbwa na Handel and Haydn Society, chama cha kwaya kilichoasisiwa Boston mwaka 1815, ambacho hadi siku hiyo kilikuwa hakijawahi kuimba kazi ya mwanamke. Mwezi Desemba mwaka huohuo utunzi wake mwingine, *Eilende Wolken*, ulichezwa New York, Walter Damrosch akiongoza okestra. Mwaka 1893 *Festival Jubilate* yake iliimbwa kwenye ufunguzi wa Jengo la Wanawake katika maonyesho ya dunia ya Chicago.

Hapa akaingia Antonín Dvořák, mtunzi mashuhuri Mcheki. Alikuwa amefika New York mwaka 1892 kuongoza National Conservatory, shule iliyoanzishwa na mwanamke, Jeannette Thurber, na iliyopokea wasichana na wanafunzi weusi. Pamoja na hayo, gazeti la Boston lilimnukuu akisema wanawake hawana nguvu ya ubunifu wa muziki. Beach alijibu gazetini kwa orodha ya watunzi wanawake na kazi zao za tangu karne ya 17. Kelele hakupiga, alitaja majina na hesabu.

Dvořák alikuwa na ushauri mwingine pia: watunzi wa Marekani wajenge muziki wao juu ya nyimbo za watu weusi na za wenyeji wa asili. Simfoni yake ya *Dunia Mpya* ilipotoka Desemba 1893, Beach aliisikiliza kwa makini, akaipenda sehemu, akaipinga sehemu. Yeye alisema mtu wa New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani lenye Boston, ana urithi wa Uingereza, Scotland na Ireland, na huko ndiko akachimbe. Alikwenda kwenye jarida lililochapishwa Dublin mwaka 1841, akachukua nyimbo za zamani za Ireland, akazichanganya na wimbo wake mwenyewe wa baharini, akaanza kuandika. Tusisahau kwamba Waairishi wa Boston wakati huo walikuwa vibarua na watumishi wa ndani, wakidharauliwa na watu wa tabaka alilokuwa analiishi yeye.

*Gaelic Symphony*, Opus 32, ilichezwa na Boston Symphony tarehe 30 Oktoba 1896, Emil Paur akiongoza. George Chadwick, mtunzi mkubwa wa mji huo, alimwandikia kumpongeza na kumwambia kwamba sasa, atake asitake, amehesabiwa kuwa mmoja wa vijana wao, yaani kundi la watunzi wa Boston. Wahakiki waliusifu uwezo wake. Lakini wapo waliosema okestra yake ilikuwa nzito na yenye makelele mahali pengine, na wapo waliopima kila kipande kwa jinsia yake: penye nguvu, anajaribu kuwa mwanamume, penye upole, ndiyo, ni mwanamke.

Kisha ikaja konseti ya piano, Opus 45, na kwangu hii ndiyo hati muhimu kuliko zote katika kisa hiki. Aprili 1900 aliipiga mwenyewe na Boston Symphony. Ndani yake alitumia nyimbo zake tatu za ujanani kama viini. Sehemu ya pili imejengwa juu ya wimbo ambao mashairi yake yaliandikwa na mumewe na ambao aliutunuku kwa mama yake. Okestra inauimba wimbo huo wa familia kwa utulivu. Piano haiuimbi. Inakimbia juu yake kwa noti za haraka zisizopumzika, kuanzia mwanzo karibu mpaka mwisho, kana kwamba imekataa kukaa chini. Kuna wataalamu walioisoma konseti nzima kama masimulizi ya maisha yake, piano ikigombea nafasi yake na okestra. Nikiisikiliza siwezi kuwapinga.

Wakati huohuo nyimbo zake ndogo zilikuwa zinauzwa sana. Mchapishaji wake wa Boston, Arthur P. Schmidt, alichapisha karibu kila alichomletea, jambo ambalo wanaume wengi wa Marekani hawakulipata. Mrabaha wa wimbo mmoja, *Ecstasy*, ulimwezesha kununua ardhi Cape Cod na kujenga nyumba ya mapumziko. *The Year's at the Spring* ulimjia akiwa kwenye treni kutoka New York kwenda Boston, magurudumu yakimpigia mapigo.

Baada ya 1910

Mume alifariki Juni 1910. Mama, aliyekuwa akiishi nao tangu baba alipokufa, alifuata mwanzoni mwa 1911. Ndani ya miezi michache watu wawili waliokuwa wamepanga maisha yake tangu utotoni hawakuwepo.

Tarehe 5 Septemba 1911, siku aliyotimiza miaka 44, alipanda meli kwenda Ulaya. Safari ile waliyomnyima akiwa mtoto alijipeleka mwenyewe. Huko alianza kujiita Amy Beach, kwa sababu Wajerumani hawakulielewa jina lenye herufi tatu za mume, na walimuuliza kama yeye ni binti wa yule Mrs. Beach mtunzi. Alipiga Dresden, Munich, Leipzig, Hamburg, Berlin. Mwaka 1913 simfoni na konseti yake vilisikika Ujerumani, yeye akiwa kwenye piano. Vita vilipoanza alirudi Marekani mwezi Septemba 1914. Sanduku lake la miswada lilizuiwa mpakani Ubelgiji, akalipata tena mwaka 1929.

Kuanzia hapo mpaka uzeeni ratiba yake ilikuwa ile aliyoitaka: msimu wa baridi safari za maonyesho, msimu wa kiangazi kutunga. Tangu 1921 alikuwa akienda MacDowell Colony, Peterborough, makazi ya wasanii msituni, ambako aliandika kwa noti sauti ya ndege aliyemsikia nje ya kibanda chake na kumtungia vipande viwili vya piano. Mwaka 1925 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha watunzi wanawake wa Marekani, na rais wake wa kwanza. Aliandika kwarteti ya nyuzi (utunzi wa ala nne za nyuzi) yenye nyimbo za Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, muziki mkavu na mwembamba usiofanana na ule wa ujana wake, na opera moja, *Cabildo*, mwaka 1932. Simfoni ya pili hakuandika. Konseti ya pili pia hakuandika.

Uchambuzi

Nianze na kilichofaa, maana kipo. Masharti ya ndoa yalimpokonya jukwaa yakampa meza. Misa, simfoni, sonata ya fidla, konseti, kwinteti ya piano (piano na ala nne za nyuzi) ya mwaka 1907: kazi zake kubwa karibu zote ni za miaka 25 ile. Mpiga piano anayezunguka miji hapati miaka mitatu ya kukaa na Misa moja. Baada ya 1910 alipata jukwaa, na nyingi za kazi zake zikawa fupi. Hilo ni jambo gumu kulisema kwa mtu anayempenda, lakini ndivyo ilivyo.

Ila meza peke yake isingetosha. Boston Symphony ilianzishwa mwaka 1881, yeye akiwa na miaka 14, katika mji wake. Chama cha kwaya cha kuimba Misa yake kilikuwepo. Mchapishaji alikuwepo, tena mwenye nia ya kuwachapisha Wamarekani na wanawake. Familia ilikuwa na fedha. Anayesimulia kisa hiki kama ushindi wa kipaji na bidii tu anaufuta mji mzima, kisha anamwacha binti mwenye kipaji kilekile kijijini akijilaumu kwa nini yeye hakufika.

Marufuku ya jukwaa, ambayo kila mtu huitaja kwanza, naiona kuwa hasara ya kati. Ilimuuma, na konseti inasema hivyo. Lakini vidole havikufa. Akiwa na miaka 45 alipanda majukwaa ya Ujerumani na kusifiwa.

Sharti la mwalimu ndilo lililomgharimu. Chadwick alisoma Leipzig na Munich. Horatio Parker, mwingine wa kundi lao la Boston, alisoma Munich. Hakuna aliyehofia kwamba masomo yangewaharibia upekee wao. Na mwalimu wa utunzi hafundishi kanuni peke yake. Anakaa na wewe kabla ya zoezi la okestra na kukwambia trombone hizi zitaizamisha fidla, punguza. Anakutambulisha kwa waongozaji. Anakupa wenzako wa kubishana nao. Beach alizipata kanuni kwa jasho lake mwenyewe, na akazipata vizuri. Hakuna kitabu cha Berlioz kitakachokupa sikio la mtu mwingine. Wakosoaji waliolalamikia uzito wa simfoni yake hawakukosea kila mahali; baadhi ya kurasa ni nene kwelikweli. Kosa lao lilikuwa kutafuta sababu kwenye uanamke wake, ilhali sababu ilikuwa mezani: hii ilikuwa simfoni ya kwanza ya mtu ambaye hakuwahi kuwa na mtu wa kumwonyesha rasimu isipokuwa mume na mama.

Nao mume na mama walikuwa wasikilizaji wakali, wenye masikio mazuri. Lakini walikuwa pia watu aliolala nao nyumba moja na aliowategemea kwa kila kitu. Mkosoaji wa namna hiyo huwezi kumkataa. Ukipinga rai yake kuhusu ukurasa wa noti, unampinga mwenye nyumba.

Jibu lake kwa Dvořák nalo lina pande mbili. Orodha ile ya gazetini ilikuwa sahihi, lakini simfoni ndiyo iliyomaliza ubishi. Hata hivyo hoja yake ya urithi ilibana. Kusema kila mtu achimbe kwa wazee wake kunaacha swali la nyimbo za watu weusi zilizokuwa zikiimbwa nchini mwake wakati huohuo, na uzeeni mwenyewe alivuka mpaka huo alipochukua nyimbo za Wainuiti. Simlaumu kwa kubadilika. Nasikitika tu kwamba alipobadilika, hakuna okestra iliyokuwa inamngoja tena. Ladha ya miaka ya 1920 ilikuwa imeshauona muziki wake kuwa umepitwa na wakati.

Alifariki New York tarehe 27 Desemba 1944. *Cabildo* ilichezwa kwa mara ya kwanza mwaka uliofuata. Kazi zake nyingi zilikaa kimya mpaka miaka ya 1970, watafiti na wapigaji walipoanza kuzifungua upya, na mwaka 2000 jina lake likaongezwa kwenye jukwaa la Hatch Shell mjini Boston, likiwa la mwanamke pekee kati ya watunzi 87. Katika wosia wake aliagiza mrabaha wa kazi zake uende MacDowell Colony. Huko msanii hupewa kibanda na meza, chakula cha mchana huachwa mlangoni kwenye kikapu bila hodi, na jioni hukutana mezani na wenzake wa fani.